UZI: Unataka kujenga kijijini Tanga kwa pesa kidogo? Saruji ipeleke kwenye msingi, ukuta uachie udongo

FundiMuheza (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Wagosi wenzangu wa Tanga nawasalimu kipekee.

Mimi ni fundi ujenzi, kazi zangu nyingi ziko Muheza, Pangani na pembezoni mwa Tanga mjini. Uzi huu namwandikia mtu anayejenga kijijini kwa pesa ya kuungaunga: ameuza machungwa, ameuza nazi, au mtoto katuma chochote kutoka Dar.

Ukishika barabara ya Muheza kwenda Pangani, angalia maboma yaliyosimama bila bati. Kuta za bloku zimepanda mpaka kwenye linta (boriti ya juu ya madirisha), halafu basi. Nyasi zimeota sebuleni, ukungu mweusi umepanda ukutani, na mwenye boma bado analala na wanawe kwenye ile ile nyumba ya kukandika aliyotaka kuihama. Pesa yote imeishia kwenye ukuta. Msimamo wangu ni kwamba ukuta ndiyo sehemu ya mwisho ya kumalizia saruji. Saruji ishuke kwenye msingi, hela ipande kwenye paa, pale katikati udongo unatosha.

Najua udongo una sifa mbaya, kwa hiyo tuanzie hapo. Tafuta nyumba yoyote ya miti na udongo iliyopigwa na masika mawili matatu. Chuchumaa uangalie futi moja ya chini. Utakuta udongo umelika mpaka fito zimebaki nje. Mvua haikupiga pale moja kwa moja. Maji yamedondoka kutoka kwenye upenu mfupi, yakapiga ardhi, yakaruka yakarudi ukutani. Sasa chukua kisu uchokonoe mguu wa nguzo pale unapoingia ardhini. Kisu kinazama. Mchwa wamekula kiini, limebaki ganda. Halafu simama uangalie futi sita za juu za ukuta huo huo: pakavu, pagumu, ukigonga panalia. Nyumba nzima inahukumiwa kwa makosa ya futi moja ya chini, na futi hiyo ndiyo tunayoweza kuirekebisha kwa mifuko michache ya saruji.

Msingi. Mawe tunayo. Pwani kuna mawe ya matumbawe ya zamani yanayochimbwa nchi kavu, upande wa Amboni kuna mawe ya chokaa, na ukielekea Amani kuna mawe magumu ya mlimani. Chimba mpaka ukute ardhi ngumu, jenga mawe, na usiishie usawa wa ardhi. Panda futi moja na nusu juu ya ardhi. Juu ya mawe mwaga tabaka jembamba la zege, tandika nailoni nzito, ndipo ukuta uanze. Zege hilo litokeze kidogo nje ya mawe. Mchwa anaweza kupanda jiwe kwa nje kwa kujenga kichuguu chake chembamba, ila akifika kwenye ukingo ule inabidi auzunguke, na hapo utamwona na kumkwangua. Aliyemo ndani ya nguzo iliyofukiwa humwoni mpaka nyumba inapolala upande.

Kwa sababu hiyo mimi nguzo sizifukii ardhini. Zinakaa juu ya msingi, zimefungwa kwenye vyuma vilivyoachwa kwenye zege.

Na kuhusu boriti za mikoko. Babu zetu walijengea mkoko na mkandaa, na ni miti kweli. Lakini leo misitu ya mikoko ni hifadhi, kuikata bila kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ni kosa, na watu wa Pangani wanajua bahari inavyokula ufukwe wao. Kisiwa cha Maziwe pale mbele kilikuwa na miti. Sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Nguzo zipo kwingine. Pale Longuza, Muheza, kuna shamba la serikali la misaji (mitiki), na wapo wanavijiji waliopanda ya kwao. Angalizo moja tu: kwenye msaji kinachohimili mchwa ni kiini cha kahawia. Ule weupe wa nje mchwa anaula, na nguzo changa karibu yote ni weupe. Usiuziwe mti wa miaka minne ukaambiwa "huu msaji hauliwi".

Ukuta. Hapa ndipo watu wanaharakisha, na hapa ndipo nataka twende polepole, maana udongo si mmoja. Udongo mweusi wa mbugani achana nao kabisa. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, hata nyumba ya bloku unaipasua. Udongo mwekundu wa Muheza mara nyingi unafaa, lakini usiuamini kwa rangi. Ondoa kwanza ule wa juu wenye mizizi, chimba futi mbili tatu, chukua wa chini.

Jaribu la kwanza: chupa ya kioo au ya plastiki yenye mdomo mpana. Jaza udongo theluthi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache itulie mpaka kesho. Mchanga unakaa chini kabisa, vumbi laini juu yake, mfinyanzi juu ya yote. Pima kwa rula. Kwa tofali, mfinyanzi ukiwa kati ya asilimia 15 na 30 uko pazuri. Ukizidi sana, ukuta utapasuka, ongeza mchanga. Ukipungua sana, tofali litamomonyoka mkononi. Changanya na udongo wa kichuguu.

Jaribu la pili nalipenda zaidi kwa sababu halidanganyi. Gonga kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4, kina 4. Paka mafuta ndani, jaza udongo uliolowa vizuri, sawazisha, weka kivulini mpaka ukauke kabisa. Udongo utakuwa umejivuta na kuacha mwanya pembeni. Usukume wote upande mmoja upime ule mwanya. Ukiwa chini ya sentimita moja na nusu, udongo wako umetulia. Ukifika sentimita nne tano, huo unahitaji mchanga kwanza, usijenge nao hivyo ulivyo.

Baada ya hapo una njia tatu. Unaweza kukandika kwenye fito kama kawaida, ila juu ya msingi wa mawe. Unaweza kufyatua tofali mbichi za kukausha. Au unaweza kutumia mashine ya kushindilia ya mkono na kupata tofali za kufungamana, zile ambazo NHBRA (wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi) wamezihimiza miaka mingi. Mimi kwa mtu mwenye pesa ndogo kabisa nachagua tofali mbichi. Mti kidogo, nguvu nyingi, na kijana yeyote anajifunza siku hiyo hiyo.

Tofali za kuchoma sizipendekezi huku kwetu. Tanuri moja linameza kuni nyingi mno, na kuni hizo zinatoka kwenye vilima vile vile vinavyotupa maji. Usambara Mashariki si mahali pa kuchomea tofali.

Lipu. Tafadhali someni hapa kwa makini. Usipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Mwaka wa kwanza inapendeza. Halafu gonga kwa kidole: inalia tupu. Saruji ni ngumu na haipumui, udongo unavimba na kujivuta kidogo kidogo, vinaachana. Zinapatikana nyufa nyembamba, maji yanaingia na hayatoki. Nimeshabandua lipu ya namna hiyo Pangani, ikatoka vipande vikubwa, nyuma yake udongo umelowa kama uji na mchwa wamejenga mpaka dirishani. Ukuta ule ungeachwa wazi ungekuwa mzima.

Lipu ya udongo ni hii: udongo kipimo kimoja, mchanga viwili mpaka vitatu, singa (nyuzi) za mkonge zilizokatwa urefu wa kidole, maji, na mchanganyiko ulale usiku kucha kabla ya kupaka. Singa fupi zinazobaki kwenye korona (viwanda vya kuchakata mkonge) hazina soko kubwa, na kwenye lipu zinashika nyufa vizuri kuliko nyasi. Mkonge uliletwa huku 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Zaidi ya miaka mia moja tumesafirisha singa nje ya nchi, na nyumba zetu wenyewe tumeshindwa kuzipa hata gunia moja.

Kwa nje, juu ya lipu ya udongo iliyokauka na kukwaruzwa, paka lipu nyembamba ya chokaa na mchanga, kimoja kwa tatu. Chokaa inazuia mvua lakini inauacha ukuta upumue. Ilowanishe kidogo asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, isipigwe na jua kali. Halafu kila baada ya mwaka au miwili, paka chokaa ya maji kwa brashi. Ni kazi ya siku moja.

Paa. Upenu utoke futi mbili na nusu mpaka tatu. Fundi akikwambia futi moja inatosha, anakuokolea bati chache na kukupotezea ukuta. Makuti yana ubaridi mzuri, lakini minazi inapungua, yanahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto wa jirani ukiruka hakuna cha kuokoa. Mimi naweka bati, kisha chini yake dari ya makuti au ya mikeka ili joto lisishuke. Na kenchi (fremu za mbao za paa) zifungwe kwa waya mpaka kwenye ukuta, si msumari peke yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia, na nani alitegemea kimbunga Tanzania?

Nakaribisha maswali.

mtoto_wa_bandarini

Mkuu, heshima kwako, ila nikupinge kidogo. Mtu ametoka jasho Dar miaka kumi, arudi kwao ajenge udongo? Watu watasema kashindwa maisha. Udongo ni umaskini, tusipambe.

FundiMuheza

Kaka, nimekuelewa, na hilo ndilo kubwa kuliko yote. Wengi hawajengi bloku kwa sababu ya uimara, wanajenga kwa sababu ya macho ya watu.

Lakini nenda Tongoni, hapo kusini mwa Tanga mjini. Kuna msikiti na makaburi ya wakubwa wa zamani, kazi ya mawe ya matumbawe na chokaa. Nenda Kaole kule Bagamoyo, ni hivyo hivyo. Waliojenga pale walikuwa matajiri wa pwani hii, na saruji tunayoijua leo haikuwepo. Hataza yake, yaani hati ya uvumbuzi, ilitolewa Uingereza mwaka 1824. Vifaa vilivyojenga nyumba za matajiri vimeitwaje vya maskini?

Ukuta wa udongo ulionyooka, una lipu ya chokaa nyeupe, madirisha ya mbao na baraza la mawe mbele, mgeni hawezi kujua ndani kuna nini mpaka umwambie. Kinachoonyesha umaskini ni ukuta uliopinda na upenu mfupi.

Bi Mwanapwani

Fundi shikamoo. Mimi niko Pangani vijijini. Huku kukandika ni kazi yetu wanawake, tunachota maji, tunakanyaga udongo, kila mwaka tunaziba tena. Hiyo chokaa tutaipata wapi, na je, haitudhuru mikono?

FundiMuheza

Marahaba mama, na asante kwa swali, maana kweli mzigo wa kuziba kila mwaka unawaangukia nyinyi. Msingi ukipanda na upenu ukitoka nje, hiyo kazi ya kila mwaka inapungua sana. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha.

Chokaa ya mifuko inauzwa maduka ya vifaa Tanga mjini na Muheza, tena inachomwa hapa hapa mkoani. Nunua ile iliyozimwa, ya unga mweupe. Ile ya mabonge isiyozimwa usiiguse kama hujafundishwa. Ikikutana na maji inachemka na kurusha. Hata ya unga inaunguza ngozi na macho. Vaa glavu za mpira, funga kitambaa puani, weka ndoo ya maji safi karibu. Watoto wakae mbali siku hiyo. Loweka chokaa kwenye pipa, maji yaifunike, iache wiki mbili au zaidi. Ikikaa inakuwa laini na inashika vizuri.

Na kuchoma matumbawe mabichi ya baharini kama zamani tusirudie, mama. Samaki wanazaliana pale.

kilimo_na_maisha

Mleta mada umegusia tofali za kufungamana ukazipita haraka. Nimeambiwa zinaokoa saruji nusu nzima. Kweli?

FundiMuheza

Mkuu, piga hesabu kwa mita ya mraba, si kwa tofali. Tofali la kufungamana lenye uso wa sentimita 30 kwa 10 linaingia karibu 33 kwenye mita moja ya mraba. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa tofali 80 mpaka 100, umetumia theluthi ya mfuko au zaidi. Bloku ya kawaida inaingia kama 10 kwa mita, na mfuko ukitoa bloku 35, hiyo ni chini ya theluthi. Kwa hiyo kwenye tofali lenyewe huokoi.

Unaokoa baadaye. Hakuna mota katikati ya kozi (mistari ya tofali) isipokuwa ya kwanza, hakuna ulazima wa lipu, na mchanga hununui lori zima maana udongo ni wa hapo hapo. Akiba hiyo ni ya kweli, ila ukichukua tofali hizo halafu ukapiga lipu ya saruji ndani na nje, umeifuta yote. Na baada ya kufyatua, zifunikwe kwa nailoni au majani na kumwagiwa maji wiki nzima angalau. Wengi wanazianika juani siku ya kwanza, zinakauka kabla saruji haijashika, halafu lawama zinakwenda kwa mashine.

Udongo wako ukiwa na mfinyanzi mwingi, jaribu chokaa badala ya saruji kwenye tofali. Saruji inapatana na udongo wa kichanga, chokaa inapatana na mfinyanzi.

Mshambaa_halisi

Huku Lushoto baridi, nyumba za bati na bloku usiku ni friji. Ushauri wako unafaa na milimani?

FundiMuheza

Mgosi, kwenu ndiko udongo unang'ara zaidi. Ukuta mnene wa futi moja na nusu unahifadhi joto la mchana na kulitoa usiku polepole. Madirisha yawe madogo, yatazame jua la asubuhi.

Huku chini ni kinyume, na hapa wengi wanachanganya. Pwani usiku kuna jasho, ukuta mnene unakurudishia joto kitandani. Kwa hiyo ukuta uwe wa kiasi, na tegemea upepo. Wazee wa Kiswahili walilijua hili: baraza mbele, ukumbi unaokata nyumba katikati mpaka mlango wa uani, vyumba huku na huku. Ukifungua milango miwili upepo unapita nyumba nzima. Siku hizi tunachora sebule iliyozibwa pande tatu halafu tunatafuta feni.

dada_wa_zahanati

Naongeza kitu kama mtu wa afya. Ule mwanya wa kati ya ukuta na paa ndiyo njia kuu ya mbu wa malaria. Watu wanauacha kwa ajili ya hewa. Fundi hujausema.

FundiMuheza

Dada, umenisaidia sana. Usiuzibe kwa udongo, nyumba itakosa hewa. Uzibe kwa wavu. Madirisha nayo wavu, na mlango ufunge vizuri chini.

Tena mfano tunao nyumbani. Kijiji cha Magoda, hapa hapa Muheza, watafiti na wasanifu kutoka Denmark wakishirikiana na Watanzania walijenga nyumba sita za majaribio, nyingine za ghorofa moja juu, kuta zake nyepesi za mianzi, mbao na wavu. Matokeo yalichapishwa 2017: ndani kulikuwa na ubaridi kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na mbu walipungua, zaidi kwenye zile ambazo watu wanalala juu. Baadaye wazo hilo likapelekwa Mtwara, zikajengwa 110.

Kama una mianzi, hilo la chumba cha kulala juu linawezekana. Kata mianzi iliyokomaa, iloweke kwenye maji yanayotembea wiki kadhaa itoe utamu wake, kisha ikauke kivulini. Usipofanya hivyo bungua, yule mdudu anayetoboa miti, atakumalizia ndani ya mwaka.

kilimo_na_maisha

Swali la mwisho mkuu. Hili suala la tabianchi linahusikaje na sisi? Viwanda ni vya wenzetu.

FundiMuheza

Saruji peke yake inakadiriwa kutoa asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Jiwe la chokaa linachomwa karibu nyuzi 1,450, na jiwe lenyewe linatoa hewa ukaa likiungua, hata ungetumia moto wa namna gani. Mfuko wako mmoja wa kijijini ni mdogo, kweli. Lakini nchi yetu inajenga kwa kasi, na nyumba nyingi bado hazijajengwa. Tukizijenga zote kwa bloku mpaka ukuta wa choo, hatutaweza tena kusema ni ya wenzetu. Mimi sisemi uache saruji. Mifuko kumi kwenye msingi inaulinda udongo miaka mingi, na hiyo ni saruji iliyofanya kazi ya maana.

Bi Mwanapwani

Fundi, tumekaa kikundi chetu tumeusoma uzi kwa sauti. Tunaanza lini? Masika yamekaribia.

FundiMuheza

Mama, masika yaacheni yapite. Sasa hivi kusanyeni mawe, chimbeni udongo wa majaribio, gongeni kile kisanduku mpime udongo wa sehemu tatu tofauti za shamba. Mvua ikinyesha, tokeni mwangalie maji yanatiririkia wapi pale kiwanjani, hapo msijenge. Juni ardhi ikianza kukauka chimbeni msingi. Tofali fyatueni Juni na Julai, zigeuzwe kila upande, zikae kivulini angalau wiki nne. Ukuta Agosti, paa Septemba, ili vuli ya Oktoba ikute bati liko juu. Lipu ya chokaa msiikimbilie. Ukuta ukae kwanza ujivute, mpake mwakani baada ya masika. Siku mtakayojaza chupa zenu, pigeni picha muweke hapa nione tabaka.